Majitaka ya Njombe yapimwe kwa baridi ya Julai

Niliwahi kuletewa mchoro wa mabwawa ya majitaka ya mji mdogo wa Nyanda za Juu Kusini niukague. Ulichorwa kwa mkono wa fundi hodari, lakini joto la maji lililotumika kwenye hesabu lilikuwa nyuzi 25. Mchoro ulitoka mji wa tambarare, ukabadilishwa jina tu. Aliyewahi kuamka Njombe mwezi Julai, ukungu umetanda na mikono haikunjuki, anajua kwamba nyuzi 25 hazipo pale.

Wengi hudhani tatizo la milimani ni hewa nyepesi. Kwenye mita 2,000 hewa imepungua kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo anayetumia mashine za kupuliza hewa atapuliza zaidi na kulipa umeme zaidi. Ila maji baridi hushika oksijeni vizuri kuliko maji ya moto. Maji ya nyuzi 15 kwenye mwinuko huo hubeba takriban miligramu 8 kwa lita, sawasawa na maji ya nyuzi 28 pale Dar es Salaam. Baridi inarudisha kile ambacho mwinuko umechukua.

Wanaoumia ni bakteria. Ndio wafanyakazi wetu, na kwenye baridi kazi yao hupungua sana.

Tufanye hesabu. Watu 10,000, kila mmoja akitoa gramu 40 kwa siku za uchafu unaoozeka, ule tunaoupima kwa oksijeni ambayo bakteria hutumia kuula. Jumla ni kilo 400. Kwa kanuni za Duncan Mara, mtaalamu wa mabwawa ya majitaka, ambazo wengi wetu tunazitumia, bwawa la kwanza, lile refu kwenda chini lisilo na hewa, huondoa asilimia 70 kwenye nyuzi 25. Kwenye nyuzi 15 huondoa nusu tu. Bwawa la pili, la mwani na jua, hubeba kilo 350 kwa hekta kwa siku kwenye nyuzi 25, na kilo 167 tu kwenye nyuzi 15. Kwa hiyo kule tambarare kilo 120 zilizobaki zinatosha kwenye theluthi ya hekta. Mlimani kilo 200 zinadai hekta 1.2, yaani mara tatu na nusu. Hasara ya bwawa la kwanza inazidishwa na udhaifu wa bwawa la pili, na hapo ndipo mchoro wa kunakili unapoua mradi.

Hekta hiyo utaipata wapi kwenye mji wa vilima? Sehemu tambarare ni mabondeni, na mabondeni ndiko watu wanakolima vinyungu, yaani bustani za bondeni za kiangazi. Siwezi kumwambia mama anayelisha watoto kwa mahindi ya kiangazi ahame kwa sababu ya hesabu zangu.

Ndiyo maana naitetea njia nyingine: matangi ya chini ya ardhi yenye vizuizi, majitaka yakipanda na kushuka chumba hadi chumba, kisha vitanda vya changarawe vilivyopandwa matete. Udongo hulinda joto ambalo majitaka hutoka nalo majumbani. Na mteremko, unaotunyima ardhi, unatupa mserereko: maji yanashuka yenyewe bila pampu.

Bado kuna tope kinyesi, maana nyumba nyingi zina mashimo na makaro, si bomba. Vitanda vya kukaushia tope vikiachwa wazi kwenye ukungu havikauki. Viezekwe kwa mabati yanayopitisha mwanga, pande ziachwe wazi upepo upite.

Siku hizi nikipewa mji wa milimani, kabla ya kuomba ramani naomba niende Julai. Saa 12 asubuhi natumbukiza kipimajoto kwenye karo, na namba hiyo naiandika juu ya ukurasa wa kwanza.