Virusi vya Marburg Hugunduliwaje Ndani ya Popo?

Homa ya Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, ilithibitishwa mkoani Kagera, Tanzania, mwaka 2023 na tena Januari 2025. Majibu yafuatayo ni kwa mtu anayetaka kujua virusi vyake husakwa vipi ndani ya popo wanaovibeba.

Je, popo mwenye virusi hivi huonekana mgonjwa?

La. Popo wa mapangoni alaye matunda, ambaye wataalamu humwita popo wa Misri ingawa ameenea sehemu kubwa ya Afrika, huvibeba bila kudhoofika na huruka usiku kutafuta tini kama wenzake. Macho hayamtambui, sharti apimwe.

Hupimwaje?

Jioni, popo wanapotoka kwenda kula, watafiti hutega nyavu mdomoni mwa pango, wakiwa wamevaa mavazi ya kujikinga mwili mzima na glavu nene, kwa kuwa meno ya popo hutoboa glavu nyembamba. Popo hupimwa uzito, hupitishwa kijiti cha pamba kinywani na kutolewa damu kidogo. Baadhi huuawa ili yachukuliwe ini na wengu. Sampuli hugandishwa papo hapo zisiharibike njiani.

Maabarani, kipimo cha PCR husaka vinasaba vya virusi vilivyomo mwilini, ilhali kipimo cha kingamwili huonyesha tu kwamba popo aliwahi kuambukizwa. Hata vinasaba vyaweza kuwa vya virusi vilivyokwisha kufa, kwa hiyo uthibitisho kamili ni kuviotesha virusi hai ndani ya seli, kazi inayotaka maabara yenye ulinzi wa daraja la 4, lililo la juu kabisa. Hilo lilifanikiwa kwa popo wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, ambako wachimbaji waliugua mwaka 2007: kati ya popo 611, 31 walikutwa na vinasaba hivyo.

Wakiwa wachache hivyo, hatari si ndogo?

Hapana. Pango moja huweza kuhifadhi makumi ya maelfu ya popo, tena maambukizi hupanda mara mbili kwa mwaka, makinda yafikiapo miezi sita hivi. Anayepima nje ya majira hayo anaweza kurudi mikono mitupu, wanakijiji wakadhani wamesalimika.

Si afadhali kuwaangamiza?

Kitaka walifanya hivyo. Popo wengine wakahamia, na mwaka 2012, baada ya ugonjwa kulipuka tena eneo hilo, zaidi ya asilimia 13 ya waliopimwa walikuwa na virusi. Heri pango liachwe. Anayelazimika kuingia avae barakoa na glavu, na akishikwa na homa ndani ya siku 21, jambo la kwanza kumwambia daktari ni kwamba aliingia pangoni.