Deni la GPL: unadaiwa na nani hasa?

Kwa mara ya tatu mwaka huu nimepigiwa simu ya kunong'ona. Kijana alikuwa ofisini kwa mteja wake, shule moja ya binafsi, na hakutaka mhasibu asikie. "Kaka, ile plagini ya ada nimeijenga juu ya WordPress. Nimesoma kwamba WordPress ni GPL. Ina maana msimbo wangu wote niuweke GitHub, kila mtu auchukue?" (WordPress ni programu ya kuendeshea tovuti, plagini ni kipande cha kuiongezea kazi, GitHub ni ghala la msimbo la mtandaoni, na GPL ni leseni ya programu huria inayotaka anayepewa nakala apewe na msimbo.) Nikamwambia hapana. Akashusha pumzi, akashukuru, akakata. Dakika mbili baadaye ukaingia ujumbe: kama ni hivyo, ataufunga msimbo kwa ionCube, chombo cha kuufanya usisomeke, ili hata shule yenyewe isiuone.

Hapo nikaacha chai, nikafungua kompyuta.

(Humu nitaandika "msimbo", yaani maandishi ya programu yenyewe. Mtaani tunasema kodi, najua, ila ukisoma "kodi" kwenye maandishi yenye ada na mhasibu utadhani nazungumzia TRA.)

Kijana ameogopa dunia nzima, ambayo haimdai hata senti, halafu akajiandaa kumnyima mtu mmoja anayemdai kweli. Na si yeye peke yake. Hao watatu wa mwaka huu wote wamekosea palepale.

Tuanze na hakimiliki, haraka haraka. Programu ya kompyuta inalindwa kama kitabu. Kwetu Tanzania ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na haki inazaliwa pale unapoandika. Husajili popote kwanza. Kwa hiyo bila leseni huna ruhusa. Repo, yaani hifadhi ya msimbo, iliyokaa wazi GitHub bila leseni yoyote ni hatari kuliko GPL mara kumi, kwa sababu mwenyewe hajakuruhusu zaidi ya kuitazama na kuinakili humo humo GitHub. Ajabu ni kwamba hizo mnazibeba bila kunong'ona.

GPL inakuruhusu mambo mengi, kwa masharti. Na masharti yake yanaamka pale unapompa mtu mwingine nakala. Kuendesha programu hakuna sharti. Toleo la 2, la mwaka 1991, linasema hivyo waziwazi. Ukiibadilisha ofisini kwako, ukaitumia mwenyewe miaka ishirini, hakuna wa kukuuliza. Toleo la 3, la mwaka 2007, liliacha hata neno la "kusambaza" likatunga neno lake, kwa kuwa kila nchi ina tafsiri yake ya usambazaji. Shabaha ni ile ile: nakala imetoka mkononi mwako, imefika mkononi mwa mwingine. Huyo mwingine ndiye anayekudai msimbo.

Linksys walijifunza hili mwaka 2003 kwa ruta yao ya WRT54G. Ndani yake mlikuwa na Linux, mfumo endeshi ulio chini ya GPL; watu waliozinunua wakachungulia, wakagundua, wakadai. Msimbo ukatolewa, na juu yake ikaota OpenWrt, mfumo huria wa ruta, ambayo baadhi yenu mmeiweka kwenye ruta za nyumbani bila kujua ilikotoka. Mdai wa kwanza alikuwa mtu mwenye kifaa mezani.

Sasa rudi shuleni. Shule imelipa, imepewa plagini, imewekwa kwenye seva yake. Mdai ni shule. Si mimi, si mshindani wako wa Mwenge, si mtu wa Helsinki.

Huwa wananijibu: "Lakini PHP si tayari ni msimbo? Nikishawapa plagini nimeshawapa." Kweli kabisa, maana PHP, lugha iliyoandikiwa WordPress, hugawiwa ikiwa bado inasomeka, na ndiyo maana ionCube inanitia hasira. GPL imeeleza msimbo chanzo ni nini: ni ile sura ya kazi ambayo mtu angeichagua akitaka kuifanyia mabadiliko. Kipimo changu ni hiki. Kesho asubuhi mhasibu akikuomba uongeze malipo ya M-Pesa, utafungua faili gani? Lile utakalofungua wewe ndilo shule inalostahili kuwa nalo. Hutafungua lile lililosokotwa na ionCube, maana hata wewe hulisomi. JavaScript, lugha inayoendeshwa ndani ya kivinjari, ikibanwa ikawa mstari mmoja wenye herufi elfu arobaini nayo ni vivyo hivyo. Kumpa mtu hiyo na kusema "nimekupa msimbo" ni kumpa unga na kumwambia apande.

Nakiri: nimewahi kufanya hivyohivyo. Mteja alikuwa na duka la dawa, nikamfungia kila kitu ili asinikimbie. Laptopu yangu ikaibiwa kwenye daladala. Sikuwa na nakala nyingine. Mwezi ule mimi na mteja tulikuwa sawa kabisa, kila mmoja akitazama faili zile zile zisizosomeka, ila mimi ndiye niliyekuwa nazipokea simu.

Kuna kipengele kimoja kinachoharibu maelezo yangu mazuri, na nisipokitaja mtakitaja nyinyi. Leseni inakuruhusu kutoa programu iliyokompailiwa, yaani iliyogeuzwa kuwa lugha ya mashine, bila msimbo, mradi uambatanishe ahadi ya maandishi kwamba utautoa, ahadi ya miaka mitatu au zaidi. Ukichagua njia hiyo, mduara wa wadai unapanuka: toleo la 2 linasema mtu yeyote wa tatu, toleo la 3 linasema yeyote mwenye nakala ya programu. Ndiyo maana nawaambia toeni msimbo siku ileile ya makabidhiano, mmalizane. Uvivu ndio unaokuletea wageni.

Kuhusu kuuza, nitasema mara moja. Uza. Bei yoyote. Richard Stallman mwenyewe, aliyeanzisha haya yote, aliuza kanda za Emacs, programu yake ya kuhariri maandishi, kwa dola 150 kila moja miaka ya themanini. IBM ilinunua Red Hat, kampuni ya programu huria, kwa dola bilioni 34 mwaka 2019. Waingereza na Wamarekani nawasamehe, wao neno lao ni moja, "free", kwa bure na kwa huru, inabidi wajieleze kila siku. Sisi tuna yote mawili, tukaongeza na huria, tukaita kabisa "programu huria", halafu bado mtu ananiuliza kama ni ya bure.

Penye maumivu ya kweli ni hapa: ukishaipa shule, huwezi kuizuia isimpe mwingine. Mwalimu mkuu anaweza kuitia kwenye flashi akampelekea shemeji yake mwenye shule Kibaha, na ukiweka kwenye mkataba kifungu cha kumkataza, kifungu hicho kinagombana na leseni. Sitawadanganya kwamba hilo halinisumbui. Ninachokiona kazini ni kwamba yule shemeji hunipigia mimi aje kuwekewa, kwa sababu plagini bila mtu wa kuhamisha madarasa kila Januari ni mzigo tu.

Halafu kuna swali ninalolikwepa kwenye semina. Je, plagini ya WordPress kweli inarithi GPL, yaani inalazimika nayo kuwa chini yake? Mradi wa WordPress unasema ndiyo. Mwaka 2009 walipata maoni ya wanasheria wa Software Freedom Law Center kuhusu violezo, yaani sura za tovuti: PHP inarithi, CSS (maelekezo ya mwonekano) na picha hazirithi. Mwaka uliofuata ukazuka ugomvi mkubwa kuhusu kiolezo cha Thesis, watu wakavutana hadharani, mwishowe mwenye Thesis akaigawa: PHP chini ya GPL, vingine akabaki navyo. Hakuna hakimu aliyetoa hukumu. Kwa hiyo ninaposema "inarithi", natumia sauti kubwa kuliko ushahidi nilio nao. Plagini inayoita kazi za WordPress kila mstari wa tatu, naamini inarithi. Programu inayojitegemea, inayoongea na WordPress kupitia API tu, yaani mlango wa programu kuzungumza na nyingine, naamini hairithi. Katikati kuna pori.

Na seva? Ukiiendesha kwenye seva yako, shule ikaifungua kwa kivinjari tu, hujampa mtu nakala, na GPL iko kimya, isipokuwa ile JavaScript inayoshuka kwenye kivinjari. AGPL, ndugu yake GPL, ndiyo iliyotungwa kuziba mwanya huo: ukiibadilisha, watumiaji wa mtandaoni nao wanastahili msimbo. Ila seva ninayoilipia mimi kwa kadi yangu, shule ikanirudishia hela, na nywila tunayo wote wawili, hiyo ni ya nani? Ninazo nne za namna hiyo. Nimeamua kuwapa msimbo wote wanne, nilale.

Kijana nilimpigia jioni. Alibishana kidogo, akasema mteja atamkimbia. Nikamuuliza shule ina mtu anayejua PHP? Akacheka. Wiki iliyofuata akakabidhi zipu, faili la leseni likiwemo ndani. Nasikia mhasibu ameitia kwenye flashi, akaifunga kwenye droo pamoja na funguo za stoo, na hajaifungua tangu siku hiyo.