Mtoto aliyenyamaza baada ya upasuaji wa ubongo

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Tanga, kazi yangu ni viungo na mizani ya mwili. Lakini mzazi akirudi kutoka Dar es Salaam na mtoto aliyetolewa uvimbe kwenye ubongo pale MOI, taasisi ya upasuaji wa mifupa na ubongo ya Muhimbili, mara nyingi haanzi kuniuliza habari za miguu. Huuliza: "Mbona haongei? Alipozinduka aliniita mama, akaomba maji. Kesho yake akanyamaza, mpaka leo."

Nalijibu swali hilo kwa kirefu kwa sababu majibu ya mtaani yanamwumiza mtoto.

Kwa watoto wadogo, uvimbe wa ubongo mara nyingi huota nyuma, upande wa kisogoni, kwenye serebela. Sehemu hiyo ndiyo inayoratibu kukaa bila kuyumba na kufikisha kijiko mdomoni. Ndiyo pia inayopanga ulimi, midomo na pumzi mpaka neno litoke. Njia za neva zinazotoka hapo hupanda hadi sehemu ya mbele ya ubongo, na uvimbe ukiwa umekaa katikati, njia hizo zinaweza kujeruhiwa wakati wa kuutoa, hata daktari awe stadi namna gani. Kwa uvimbe wa aina ya meduloblastoma, saratani ya serebela inayowapata zaidi watoto, karibu mtoto 1 kati ya 4 hunyamaza baada ya upasuaji. Kwa kawaida huanza siku ya kwanza au ya pili, pengine baadaye kidogo ndani ya wiki. Mwili nao hulegea, shingo haisimami, chakula humpalia, naye hulia kilio ambacho hata kubembelezwa hakukitulizi.

Karibu wote huongea tena. Kuna anayechukua wiki, kuna anayechukua miezi. Sauti ikirudi huwa ya chini, maneno yanavutwa, na wapo wanaobaki na ugumu wa kusema au wa kujifunza. Hakuna dawa iliyothibitika kuufupisha ukimya huu, kwa hiyo anayewauzia dawa ya kufungua ulimi, msimpe pesa zenu.

Huku kwetu mgeni akija kumjulia hali mgonjwa, mtoto hutarajiwa kuamkia. "Mwamkie babu! Sema shikamoo!" Akikaa kimya, mmoja atasema anadeka, mwingine atasema kapandwa na shetani. Jamani, mtoto huyu anasikia, na mara nyingi anaelewa. Kila anapolazimishwa hutaabika zaidi. Mwenye nyumba amweleze mgeni tangu barazani: msalimie, mwambie wewe ni nani, usingoje jibu. Ninyi mnaoishi naye mpeni njia nyingine ya kujibu. Mwonyesheni ndizi na chungwa, mtazame macho yake yanakwenda wapi, kisha mpeni alichokitazama. Hayo ni mazungumzo, na yanampunguzia hasira.

Kuhusu dua sina ugomvi na mtu, nami namwombea. Ninachokataza ni kumnywesha kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya dua, au hata maji matupu, mtoto ambaye bado anapaliwa. Kitu chepesi huteleza kikaingia njia ya hewa, na nimonia kwa mtoto aliyetoka kupasuliwa ni hatari kubwa. Mpaka atakapopimwa kumeza, fuateni mlivyoelekezwa wodini. Wengine hutoka na mpira wa kulishia puani. Aliyeruhusiwa kula kwa mdomo akalishwe wima, kidevu kimeinama kidogo, uji mzito, kijiko kidogo, na cha pili kisubiri cha kwanza kimezwe. Akikohoa, au sauti ikawa kama ina maji, acheni kumlisha na mtuone.

Mazoezi yenyewe huanzia mkekani. Mkalishe katikati ya miguu yako, mgongo wake kifuani mwako, umpe kitu anachokipenda akifikie kwa mkono. Muda mfupi, mara nyingi kwa siku. Atayumba, na akianza kutembea atapanua miguu. Mshike kiunoni, usimbebe kila saa kwa huruma. Kama jicho moja halifumbi, nalo litunzwe kwa dawa ya kulainisha, lisikauke.

Akianza kutapika, hasa asubuhi, akisinzia kupita kawaida, akipata homa, kidonda kikivuja maji, au utosi wa mtoto mchanga ukivimba, nendeni hospitali ya Bombo hapa Tanga saa hiyohiyo, hata usiku. Huenda maji yanajaa kichwani, au mrija aliowekewa wa kuyatoa umeziba. Msisubiri tarehe ya kliniki. Na kama anatumia deksamethasoni, dawa ya kupunguza kuvimba kwa ubongo, uso ukavimba na njaa ikazidi, msiikatishe ghafla. Daktari ndiye anayeipunguza.

Kuna wazazi wanaotaka kuahirisha matibabu ya saratani ya taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam, "mpaka aongee kwanza." Hapo siwaungi mkono. Kwa walio chini ya miaka 3, madaktari kwa kawaida hukwepa mionzi ya ubongo mzima kwa kuwa ubongo bado unakua, lakini uamuzi huo ni wao, na uvimbe hausubiri sauti irudi. Mazoezi tutayapunguza wiki anazochoka, tutayaongeza akipata nguvu. Mkija kwangu leteni ripoti ya upasuaji na picha za MRI, maana nikishajua uvimbe ulikaa wapi ndipo ninapoamua nianze na shingo, kiuno au miguu.