Seli shina za sikio si dawa ya kila kizunguzungu

Hapa Moshi siku hizi, mtu akisema tu kwamba dunia inamzunguka akijigeuza kitandani, hakosi wa kumwambia: "Tafuta seli shina, sikio litaota upya." Nimeyasikia kwenye foleni ya zahanati na kwenye daladala ya Majengo, na matangazo ya vidonge vya "seli shina za tufaha" yanasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp.

Maana yenyewe ni fupi. Seli shina ni seli ambayo bado haijapewa kazi maalumu. Hujigawa na kuzaa seli za aina nyingine. Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinyweleo, zinazouarifu ubongo kichwa kimeinamia au kimegeukia wapi. Zikifa, mtu huyumba, hasa gizani. Watafiti wanatafuta namna ya kuzirudisha.

Zikifa. Neno hilo ndilo watu wanaloliruka. Kizunguzungu kinachokuja ukigeuka kitandani na kuisha kabla ya dakika moja, mara nyingi hakijaua seli yoyote. Fuwele ndogo za kalisi zimebanduka mahali pake zikaingia kwenye mfereji mmojawapo wa sikio la ndani, na seli zilizo hai kabisa zinapeleka habari isiyo ya kweli. Tiba yake ni kugeuzwa kichwa kwa mpangilio maalumu, mbinu ambayo Dkt. John Epley wa Marekani aliichapisha mwaka 1992. Ni kazi ya dakika chache, bila kidonge. Mgonjwa huyu akiambiwa asubiri seli shina, ananyimwa nafuu ambayo angeweza kuipata leo, na hilo linaniuma.

Mwingine ni yule aliyedungwa jentamaisini, sindano ya kuua bakteria, au streptomaisini ya kifua kikuu. Dawa hizi zimeokoa maisha ya wengi, lakini zinaweza kuua seli hizo za vinyweleo. Huyu ndiye utafiti unaomhusu. Kuku huziotesha tena seli hizo zikifa. Hilo limejulikana tangu miaka ya 1980. Binadamu hana bahati hiyo. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliotesha maabara, kutokana na seli shina za panya, tishu yenye seli zinazofanana na zile za usawa wa mwili. Ni hatua kubwa, ila iliishia kwenye sahani ya maabara, na mpaka sasa hakuna tiba ya namna hiyo iliyoidhinishwa kwa wagonjwa. Unga wa tufaha ulio kwenye vidonge vile hauna hata seli hai, sembuse ya kuwa sikio la mtu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, shangazi akilalamika kizunguzungu, usimtajie vidonge kwanza. Mwulize: kinamjia akigeuka, au anayumba muda wote? Aliwahi kudungwa sindano hizo? Majibu hayo ayapeleke kwa daktari wa masikio, hospitali ya KCMC au popote palipo karibu naye.