Tamoksifeni haimalizi homoni mwilini

Dawa za kupinga estrojeni, homoni ya kike, ni dawa zinazojishikiza kwenye kipokezi cha estrojeni ndani ya seli na kuizuia homoni hiyo isifanye kazi yake hapo. Maana yenyewe ni hiyo, na ingetosha kama tusingesikia kila mara, hata kutoka kwa watu wanaowauguza wagonjwa kwa moyo wote, kwamba tamoksifeni, mojawapo ya dawa hizo inayotumika kutibu saratani ya matiti, "inakausha homoni za kike". Haikaushi, na kosa hilo si dogo kwa mwanamke anayemeza kidonge cha miligramu 20 kila siku kwa miaka 5 hadi 10.

Saratani nyingi za matiti zina seli zenye kipokezi hicho, ambacho ni protini inayokaa zaidi kwenye kiini cha seli, na ndicho maabara hukitafuta katika kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe, kwa kuwa seli isiyokuwa nacho haina mahali pa kushikwa na dawa hizi. Ndani ya kipokezi mna kishimo. Estradioli, ambayo ndiyo estrojeni yenye nguvu zaidi, inapoingia humo, kipande cha protini kiitwacho heliksi ya 12 hujikunja na kukifunika kishimo, na kwa kufunika huko hutengenezeka pembeni mfereji mfupi ambamo protini wasaidizi hupata pa kushika. Wasaidizi hao ndio wanaowasha jeni zinazoiamuru seli igawanyike.

Tamoksifeni huingia katika kishimo kile kile, lakini ina mkia ambao haukutoshea, na mkia huo hubaki nje ukiizuia heliksi ya 12 isifunge, kama mguu uliowekwa kizingitini unavyozuia mlango. Heliksi iliyokosa mahali pake hulala juu ya mfereji wa wasaidizi na kuuziba. Picha za eksirei zilizochapishwa mwaka 1998 ziliyaonyesha haya kwa undani, na kinachostahili kuangaliwa sana ni kwamba kipokezi bado kipo na bado kinashika DNA. Kilichokosekana ni wasaidizi, na mara nyingi mahali pao huja protini zinazozima jeni. (Anayefanya sehemu kubwa ya kazi hii si kidonge kama kilivyomezwa, bali endoksifeni na vizalia vingine ambavyo ini hutengeneza kutokana nacho, vinavyoshika kipokezi kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana daktari huuliza kama mgonjwa anatumia dawa za sonona kama fluoksetini au paroksetini, ambazo hukizuia kimeng'enya cha ini kinachofanya mageuzi hayo.)

Katika maelezo yote hayo hakuna mahali estrojeni ilipopunguzwa. Kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, kiwango cha estradioli katika damu kinaweza hata kupanda anapotumia tamoksifeni, kwa sababu dawa huvichochea vifuko vya mayai. Historia yake inalithibitisha hilo: Dora Richardson aliitengeneza mwaka 1962 katika maabara za kampuni ya ICI nchini Uingereza, wakati watafiti wakisaka dawa ya kuzuia mimba, na ingawa ilizuia mimba kwa panya, kwa wanawake ilikuja kuonekana kwamba inachochea yai kukomaa. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba homoni zake zimekwisha anaweza kuamini kwamba hawezi kushika mimba, ilhali anaweza, na dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Hata neno "kupinga" lina mpaka wake. Kwenye titi tamoksifeni hupinga. Kwenye ukuta wa mji wa mimba inaweza kufanya kazi kama estrojeni yenyewe, kwa kuwa seli za huko zina wasaidizi wa aina na wingi tofauti, na hapo ndipo inapotoka hatari ndogo ya saratani ya sehemu hiyo. Mwanamke aliyekwisha koma hedhi akiona damu ukeni asingoje tarehe ya kliniki. Kwa mwanamke huyo huyo, tabia hiyo hiyo ya dawa husaidia kuilinda mifupa yake.

Dawa inayopunguza estrojeni kweli ipo, lakini ni ya kundi jingine. Letrozoli, anastrozoli na eksemestani hazigusi kipokezi; huzuia aromatasi, kimeng'enya kinachoigeuza androjeni, yaani homoni ya kiume, kuwa estrojeni, na huwafaa waliokoma hedhi, kwani kwa asiyekoma ubongo huvihimiza vifuko vya mayai vizalishe zaidi, mpaka navyo vizuiwe. Fulvestranti, ile sindano ya matakoni ya kila mwezi, hukishika kipokezi na kukifanya kivunjwe na seli, bila tabia ya kuiga estrojeni.

Kwa hiyo anayesema kwamba letrozoli inapunguza homoni hajakosea. Kwa tamoksifeni ni vyema aseme kwamba homoni ipo ila seli za titi zimezuiwa kuitumia, na kama anamweleza dada ambaye bado yumo katika umri wa kuzaa, aongeze kwamba azungumze na daktari kuhusu kinga ya mimba isiyo na homoni, kama kondomu au kitanzi cha shaba.