Mhusika sio stelingi, na Vanessa sio mhusika

Juzi nimepanda hais ya Sakina hapa Arusha, jioni ile ya kubanana, siti ya nyuma yangu wamekaa mabinti watatu wa sekondari na simu moja yenye kioo kilichopasuka, wanajibu kwizi ya kujua wewe ni nani kwenye High School Musical, zile muvi za Kimarekani za wanafunzi wanaoimba. Mmoja anasoma maswali, wawili wanajibu kwa zamu, konda naye kashaingilia anachagua majibu ambayo hajaombwa. Kufika Mianzini matokeo yakatoka. Wa kwanza akapiga kelele, "Mi mhusika wangu ni Vanessa!" Wa pili kapata Sharpay, yule dada wa majivuno, akasema sawa tu ila Sharpay sio mhusika bana, mhusika pale ni Troy. Wa tatu kapata Kelsi akanuna kabisa, "aa mi wamenipa hata sio mhusika, ni yule wa kupiga kinanda."

Neno moja, sentensi tatu, zote tatu zimelikosea, na kila moja kwa njia yake. Na sio wao tu, hata watu wazima na akili zao nawasikia, mtu anakwambia "mhusika wa ile muvi kafariki mwaka jana" wakati aliyefariki ni mwigizaji, mhusika hajafa na wala hawezi kufa kama stori haikumuua.

Sasa maana yenyewe, haraka haraka maana hii mlisoma kwenye fani na maudhui. Mhusika ni yeyote aliyemo ndani ya stori na lipo jambo humo linalomgusa au analolifanya. Awe mtu, awe sungura, awe jini, awe mti unaoongea. Bas. Mhusika mkuu ni yule stori inamzunguka, wengine ni wahusika wasaidizi au wadogo, lakini wote wahusika.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe maana hapa ndo pana utamu. Mhusika limetoka kwenye kuhusika, na kuhusika limetoka kwenye kuhusu, na kuhusu tumelitoa Kiarabu, mzizi ule ule uliotupa hasa, hususan na mahususi. Ukiyapanga hayo maneno kwenye mstari mmoja unaona wazo lake ni moja, kitu kuwa cha fulani na sio cha kila mtu. Jambo likikuhusu maana yake limekuchagua wewe katikati ya wengi. Ndo maana ukienda ofisi yoyote ya serikali hapa mjini unakuta kibao mlangoni HARUHUSIWI KUINGIA ASIYEHUSIKA, na polisi wakitangaza kwamba wahusika wanatafutwa hakuna anayefikiria muvi. Ni neno lile lile. Mhusika wa tukio na mhusika wa tamthilia ni watu wa aina moja, lipo jambo na wao wamo ndani yake. Hata ule msemo wa ya Ngoswe mwachie Ngoswe, ukiuangalia vizuri ni somo zima la wahusika, anaambiwa asiyehusika akae pembeni.

Wenzetu wa Kiingereza wao neno lao la mhusika, character, lilianzia mbali kabisa, kwa Wagiriki, lilikuwa chombo cha kuchongea na ile alama inayobaki baada ya kuchonga, kama mhuri kwenye sarafu. Yaani kwao ukiulizwa wewe ni mhusika gani unaulizwa umegongwa mhuri gani, una alama gani isiyofutika. Ndo maana kwao neno hilo hilo linabeba mtu wa kwenye stori na pia tabia ya mtu, kitu kimoja. Kwetu sio hivo. Kwetu mhusika hana mhuri wowote, ana jambo. Muondoe kwenye jambo lake hayupo. Kwa hiyo kwizi ikitoka Kiingereza ikaingia Kiswahili swali linabadilika bila watu kugundua, kule waliuliza umeumbwaje, huku tunaulizana unahusikaje. Mimi naona swali letu ni zuri zaidi lakini mimi nina upendeleo.

Turudi kwa yule binti wa pili, wa "mhusika ni Troy." Huyu kachanganya mhusika na stelingi, na kosa hili nalijua vizuri maana nimekula nalo. Miaka ile ya 2008, 2009 nilikuwa nauza laibrari ya CD Ngarenaro, kibanda cha mbao chenye mapazia ya makaratasi ya muvi, na mteja akija haulizi muvi inahusu nini anauliza stelingi nani. Neno lenyewe tulilisoma kwenye makava, pale juu ya majina ya waigizaji pameandikwa starring, sisi tukasoma stelingi tukamalizana. Stelingi akawa mtu, stelingi hafi, stelingi akipigwa risasi inampata begani, na anayemfukuza anaitwa adui hata kama ni mama yake mzazi. Neno zuri sana mimi silitupi. Ila lilitufanya tuamini kwamba kwenye stori kuna mtu mmoja na wengine ni abiria. Diski moja ya Kichina ilikuwa inabeba muvi kumi na kitu, humo ndo nilizikuta hizi High School Musical zote tatu, ya kwanza ya 2006, ya pili 2007, ya tatu 2008, na wateja wangu wasichana walizikodi mpaka diski ikawa inakwama katikati ya wimbo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia anampenda Kelsi. Stelingi tu, Troy na Gabriella.

Na binti wa kwanza, wa Vanessa, huyu kachanganya mhusika na mwigizaji. Hapa naomba mtulie kidogo. Mwigizaji limetoka kwenye kuiga, iga, igiza, mwigizaji, yule anayeiga. Anaiga nini? Anamuiga mhusika. Vanessa Hudgens ni mwigizaji, anaenda benki, anazeeka kama sisi. Gabriella Montez ni mhusika, msichana mgeni pale shuleni East High, kichwa kwenye sayansi, alikutana na Troy likizo mkesha wa mwaka mpya wakasukumwa kuimba karaoke pamoja. Gabriella hazeeki, kila ukiweka diski ana umri ule ule.

Kama bado unaona nakomaa na kitu kidogo, angalia Troy mwenyewe. Troy Bolton ni mhusika mmoja. Sura yake ni ya Zac Efron, sawa. Ila kwenye muvi ya kwanza sehemu kubwa ya sauti ya kuimba unayoisikia sio ya Zac, ni ya kijana mwingine anaitwa Drew Seeley, walizichanganya. Baadaye walipofanya ziara ya matamasha Zac alikuwa anashuti muvi nyingine, Drew huyo huyo ndo akapanda jukwaani kuimba nyimbo za Troy. Sasa wewe uliyepata Troy kwenye kwizi niambie umekuwa nani, mwenye sura au mwenye sauti? Hakuna kati yao. Umepata Troy, kapteni wa timu ya kikapu ambaye baba yake ndo kocha na anaogopa kumwambia mzee kwamba anataka kuimba. Hilo ndo jambo lake, hilo ndo linalomfanya mhusika, na waigizaji kumi wanaweza kupokezana humo yeye akabaki mmoja.

Hapo sasa ndo inaingia haiba, maana kwizi yenyewe haipimi uhusika, inajidai inapima haiba. Haiba nayo tuliitoa kwa Waarabu, kule ni ule uzito wa mtu akiingia watu wananyamaza, sisi tukaitumia zamani kwa mvuto na muonekano (kwa hiyo bibi yako akisema bwana harusi ana haiba yuko sahihi msimbishie), halafu watu wa saikolojia wakaichukua kumaanisha jumla ya namna mtu alivyo, anavyowaza, anavyojisikia na anavyokaa na wenzake kwa muda mrefu. Muda mrefu, hilo ndo neno. Mimi hii kwizi niliijaribu baada ya kushuka, kwa udadisi tu, nikapata Chad, rafiki wa Troy mwenye nywele zile, anayeamini kikapu ndo kila kitu. Nikaja kuirudia usiku nimeshakula makande nimeshiba, nikapata Zeke, mcheza kikapu anayependa kuoka keki na biskuti. Mtu mmoja, siku moja. Kilichobadilika sio haiba yangu ni tumbo langu. Ni kama hali ya hewa ya siku moja na tabianchi ya miaka mingi, asubuhi Meru yote imemezwa na wingu hauoni hata kilima, huwezi kumwambia mgeni kwamba Arusha haina mlima.

Na kwizi zenyewe ukizifungua ndani hazina uchawi. Kila jibu nyuma yake limefichwa jina, ukichagua rangi ya pinki Sharpay anapata pointi, ukichagua kukaa maktaba Gabriella anapata, mwisho mwenye pointi nyingi ndo wewe. Anayetunga ndo kaamua kwamba pinki ni majivuno. Sasa kwa nini matokeo yanatuingia kama kweli? Mwaka 1948 kule Marekani mwanasaikolojia anaitwa Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 kipimo cha haiba, baadaye akampa kila mmoja karatasi ya majibu yake, akawaambia mpeni alama 0 mpaka 5 hii karatasi imekupatia kiasi gani. Wastani ukaja 4.26. Karatasi zote zilikuwa zinafanana neno kwa neno, maneno kayatoa kwenye kitabu cha nyota, mambo ya kwamba unapenda watu wakukubali, af una kawaida ya kujikosoa mwenyewe. Nani hajikosoi? Hata konda wetu akisomewa ile atalia.

Simaanishi msicheze. Sisi wenyewe tumecheza hii michezo kabla ya simu, mtu akila peke yake tunamuita fisi, akikwepa deni kijanja tunamuita sungura, na hapo hakuna maswali kumi, mtaa unakupa matokeo yako moja kwa moja na huruhusiwi kurudia. Ila angalia tofauti, fisi unaitwa kwa ulichokifanya. Sharpay unaitwa kwa ulichokichagua kwenye picha za viatu.

Tena wahusika wenyewe hawakai kwenye yale maelezo ya mistari mitatu. Darasani tuliambiwa kuna mhusika bapa, asiyebadilika mwanzo mpaka mwisho, na mhusika duara, anayebadilika na ana pande nyingi. Kwizi inawafanya wote bapa kama chapati. Ryan, pacha wake Sharpay, kwenye kwizi ni mpambe wa dada yake mwenye kofia, nukta. Lakini kwenye muvi ya pili dada yake akimtupa anahamia kwa wale wachezaji, anashika gongo la besiboli, anakuwa mtu mwingine kabisa. Ukiambiwa wewe ni Ryan lazima uulize, Ryan wa dakika ya ngapi?

Ila aliyeniuma ni yule aliyenuna. Tumekaribia Sakina nikashindwa kuvumilia, nikageuka nikamwambia mwanangu samahani nimesikia, huyo Kelsi uliyepewa ndo aliyezitunga zile nyimbo. Unakumbuka Sharpay na Ryan wanauchukua wimbo wake wanaukimbiza kwa spidi yao, yeye akifungua mdomo Sharpay anamkata? Halafu anabaki peke yake na kinanda, makaratasi yanamwanguka, Troy anamsaidia kuokota, Kelsi anawapigia wimbo ule ule Troy na Gabriella, taratibu, jinsi alivyoutunga. Bila yeye hao mastelingi wangesimama pale jukwaani wameachama. Huyo ni mhusika tena jambo lote limepitia mikononi mwake.

Akaniangalia. "Kwa hiyo anko mimi ni muhusika?"

Nikamwambia Kelsi ndo mhusika, wewe unafanana naye kidogo, na tunaandika mhusika, ile u iache nyumbani.

"Sawa anko. Af wewe hizi muvi umeziangalia mara ngapi?"

Konda akagonga bodi, Sakina wanashuka, nikashuka.