Uzamili, Cheo na Hojaji: Neno kwa Walimu Wenzangu

Juma lililopita, katika chumba cha walimu, mwenzangu wa hisabati aliinua kichwa kutoka kwenye rundo la karatasi alizokuwa akisahihisha, akaniuliza: "Mwalimu, hiyo Uzamili uliyoihangaikia miaka yote ile imekuongezea nini, ikiwa TSC, tume inayotuajiri walimu hapa Kenya, haimpandishi mtu kwa sababu ya cheti?" Nimeulizwa swali hilo mara nyingi mno tangu nihitimu, na kila linapokuja huwa limekwisha kujijibu: kwamba masomo ya juu ya mwalimu hupimwa kwa hati ya mshahara, na yasipoonekana pale yamepotea. Nimewahi kulijibu kwa upole na kwa maneno machache. Leo nalijibu kwa urefu, kwa sababu imani hiyo inawazuia walimu wazuri kusoma, na, baya zaidi, inawafanya wengi wanaosoma wasome vibaya.

Imani yenyewe ina mizizi, sikatai. Chini ya taratibu za utumishi zilizotangulia, mwalimu aliyeongeza cheti alikuwa na sababu ya kutarajia kupanda. Mwongozo wa kupandishwa vyeo ulioanza kutumika mwaka wa 2018, wenye madaraja kuanzia B5 hadi D5, uliukata uhusiano huo: sasa, kwa madaraja mengi, mtu hukaa kwa kawaida angalau miaka 3 katika daraja lake, husubiri nafasi itangazwe, kisha hushindana na wenzake katika usaili. Anayelipa karo akiamini kwamba barua ya kupandishwa itafuata mahafali amepotoshwa, na uchungu wake ni wa haki, kwa kuwa karo hiyo aliitoa kwenye unga wa nyumbani. Jambo hilo halina utata, nami sitalirudia.

Ninalotaka kulieleza ni lile lililotokea darasani kwangu. Nilikuwa nimefundisha Kiswahili kwa miaka tisa katika shule ya kutwa huku Eastlands, Nairobi, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa na maelezo moja ya kwa nini wanafunzi wangu walianguka katika karatasi ya insha: Sheng, lugha ya vijana wa mitaani inayochanganya Kiswahili na Kiingereza. Wazazi walisema Sheng, mkuu wa idara alisema Sheng, nami nilisema Sheng kwa sauti kubwa kuliko wote. Tulikuwa hata na kibao cha kuvaa ambacho wanafunzi walionaswa wakiizungumza walipokezana hadi jioni. Nilipopeleka chuoni pendekezo la utafiti wa Uzamili kuhusu athari za Sheng, msimamizi wangu alilisoma, akalifunga, akaniuliza neno moja: "Umejuaje?"

Sikuwa na jibu. Akaniagiza nikusanye insha za darasa langu mwenyewe na kuhesabu makosa, kila kosa na aina yake, kabla sijaandika sentensi nyingine. Kazi hiyo ilinichukua likizo nzima ya Agosti. Maneno ya Sheng yalikuwemo, lakini yalikuwa machache, na kwa kawaida yalikuwa ndani ya mazungumzo ya wahusika, mahali ambapo mwandishi yeyote mzuri angeyaweka. Yaliyojaa kurasa yalikuwa mengine kabisa: "viatu zangu zimepotea", "kiti imevunjika", "vitu zingine ambazo tulinunua". Hakuna hata neno moja la Sheng hapo. Msamiati wote ni sanifu, na kilichovunjika ni upatanisho wa ngeli, kwa namna ileile inavyovunjwa na watu wazima wa Nairobi, tukiwamo sisi walimu tunapoitana chai. Mwanafunzi anayeandika "kiti imevunjika" hajaharibiwa na vijana wa mtaani. Ameandika Kiswahili anachokisikia kutoka kwa kila mtu anayemheshimu. Kumvisha kibao hakumfundishi chochote kuhusu ngeli ya KI-VI, na mimi nilikuwa nimevisha vibao kwa miaka tisa.

Mwaka wa 1986 Lee Shulman, mtafiti wa elimu wa Marekani, alitenganisha kulijua somo na kujua jinsi somo hilo linavyomkwama mwanafunzi, akasema kwamba mwalimu anahitaji ujuzi huu wa pili kama taaluma inayojitegemea. Ngeli nilizijua zote. Sikujua ni ipi inayowaangusha wanafunzi wangu, wala kwamba inawaangusha zaidi wanapotumia kirejeshi (kama vile ambacho na ambavyo) kuliko wanapotumia kivumishi cha kawaida. Ujuzi huo ndio niliokwenda kuutafuta chuoni, ingawa nilikuwa nimejaza fomu nikidhani natafuta kitu kingine.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera kuliko yote. Walimu wengi wanaosoma kwa ajili ya cheo huchagua njia ya haraka ya kumaliza tasnifu, na njia hiyo ni hojaji, yaani fomu ya maswali, ya kipimo cha Likert, ambapo mtu huchagua anakubali kwa kiasi gani: nakubali kabisa, nakubali, sina hakika, sikubali, sikubali kabisa. Mwalimu huchukua jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka wa 1970, ambalo humwambia kwamba akiwa na watu 1,000 achukue 278, huwagawia hojaji walimu 278, huwauliza kama Sheng inaathiri matokeo ya Kiswahili, na wengi wakijibu "nakubali kabisa" huandika katika sura ya nne, ile ya matokeo, kwamba Sheng inaathiri matokeo. Hapana! Alichokipata ni kwamba walimu wanaamini hivyo, jambo ambalo angelijua kwa kukaa chumba cha walimu asubuhi moja. Jedwali lile huhusu ukubwa wa sampuli iliyochukuliwa kibahati nasibu; haliwezi kuligeuza swali la maoni kuwa swali la ukweli. Vivyo hivyo kipimo cha Cronbach, ambacho wanafunzi wa Uzamili hukishangilia kikifika 0.7, husema tu kwamba maswali ya hojaji yanakwenda pamoja. Watu wenye kosa moja hukubaliana vizuri sana. Naudhika kwa sababu mwalimu huyo alikuwa na madaftari arubaini na tano mezani pake, ushahidi wa moja kwa moja wa namna watoto wanavyofikiri, akayaruka kwenda kuwauliza watu wazima wanafikiri nini. Baada ya miaka miwili hurudi darasani na imani zilezile alizoondoka nazo, isipokuwa sasa zina asilimia. Kuhusu wanaolipa watu mjini wawaandikie tasnifu nzima, sina la kujadiliana nao.

Nina mashaka yangu pia. Baada ya kuacha kibao na kutenga sehemu ya kila kipindi cha insha kwa ajili ya kirejeshi na upatanisho, tukitumia sentensi za wanafunzi wenyewe, makosa yale yalipungua. Lakini darasa hilo lilikuwa pia limepanda kidato, sikuwa na darasa la kulilinganisha nalo, na mimi niliyefundisha ndiye niliyehesabu. Nilimwomba mwenzangu ahesabu sehemu ya insha bila kujua zimeandikwa lini, tukatofautiana mara nyingi kuhusu lipi ni neno la Sheng na lipi limekwisha kuingia katika lugha. Hata "matatu" ni neno la mitaani lililofika kamusini. Mpaka huo sijaupata hadi leo. Tena, nikikumbuka jioni nilizorudi kutoka chuoni, Thika Road, watoto wangu wakiwa wamelala, najiuliza kama walimu watano wa idara moja, wakisoma insha pamoja kila Ijumaa, wasingejifunza sehemu kubwa ya haya bila karo. Nadhani wangejifunza. Ninachoshuku ni kwamba wasingekuwa na mtu wa kuwauliza "Umejuaje?" kila wanapotaka kupumzika.

Mwenzangu wa hisabati nilimjibu kwa kumuuliza kwa nini wanafunzi wake wa Gredi ya 10 hukosa maswali ya maelezo. Akasema mara moja kwamba ni Kiingereza. Nikamuuliza amejuaje. Alinyamaza kidogo, kisha akachambua rundo lake akatoa karatasi kumi na moja, nyingine zikiwa na hesabu sahihi iliyofuata swali lililosomwa vibaya, nyingine zikiwa na swali lililoeleweka na hesabu iliyovurugika. Hakuwa amewahi kuzitenganisha. Ijumaa tutakaa naye baada ya vipindi tuzipitie moja moja, na fomu ya maombi ya Uzamili, ambayo kumbe alikuwa nayo ndani ya mkoba muda wote, ameniomba nimwekee mpaka tumalize.